Ada ya Makuti

Ujumbe wa baladia umeingia saa nne asubuhi
nami nimekaa uani, Al Khoudh, najitoa mwiba kidoleni:
kuanzia mwezi ujao, atakayetaka taka za bustani zichukuliwe
atalipa reali tatu kwa kila mzigo.
Kwa heshima na taadhima. Wasalaam.

Reali tatu!
Bibi yangu kule Ibra hakuyajua maneno "taka za bustani".
Kuti bichi ukuta, kuti kavu kuni,
nyuzi za shina kamba, kokwa za ng'ombe,
na kilichosalia mbuzi hakukisaza.
Mtende ulikuwa ukiwalipa watu.
Leo watu wanalipia kuuzika, kuti kwa kuti.

Mundhir wa ghorofani ana chungu kimoja cha nanaa.
Alisema, na hakusema vibaya:
"Bi Thuwaiba, mie sina mti. Kwa nini nibebeshwe makuti yako?"
"Na gari lako," nikamuuliza, "kila adhuhuri
linalala kivulini kwa nani?"
Akacheka. Nikacheka. Hakuna aliyeshinda.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya dawa:
mitende miwili, mlimau,
na boganvilia ya marehemu Zahran, isiyo na adabu
tangu mwenyewe alipoacha kuikaripia.
Pensheni ile ile.

Basi nikamwita kijana wa pikapu.
Alitaka reali moja, hakutaka jina langu.
Nikafunga mizigo minne kwa kamba ya buluu ya kuanikia nguo,
akaondoka nayo,
nikajiona mjanja.

Jumanne mvua ikanyesha milimani.
Wadi ikashuka na ngurumo yake, rangi ya chai ya maziwa.
Kalvati la njia ya shule likaziba,
maji yakapanda barabarani,
watoto wakalala madarasani, vichwa juu ya mikoba.

Yalipopungua nilikwenda kutazama, kama kila mtu.
Shafikul wa baladia, buti zimejaa tope,
alikuwa akivuta makuti kwa mikono,
moja, la pili, la tatu,
na la nne likaja na kamba.

Ya buluu.
Fundo langu nalijua kama mwandiko wangu.

Sikusema kitu. Nikamletea maji ya baridi na tende.
Alinishukuru,
na ile shukurani bado sijaitoa kidoleni.

Leo nimelipa: tatu za mzigo huu,
na kumi na mbili za ile iliyokwisha kwenda na maji;
karani hakuelewa, nami sikumweleza.
Ila nimewaandikia:

Mabwana, nalipa, lakini nihesabieni sawasawa.
Upande huu andikeni makuti, upande ule kivuli.
Mwenye chungu cha nanaa mwacheni.
Niulizieni yule wa nyumba ya pembeni,
aliyeng'oa mitende yake yote akamwaga saruji ua mzima,
asiyedaiwa hata baisa, maana hana jani la kuanguka:
joto lake yeye,
gari gani linakuja kulizoa?