Ya Udongo

Huku Amirati jua halitui: mlima hulikata.
Saa kumi za jioni kivuli kishafika uani,
na joto bado limekaa kwenye saruji kama mgeni asiyeaga.
Ndio wakati aliokuwa akiamka Kashata.

Kashata tulimtoa kwenye kalvati, njia ya Kuriyati,
mwaka ule maji ya wadi yalipobeba gari la jirani
yakalitundika mtini.
Alikuwa na ukubwa wa kiatu, na harufu ya kiatu.
Nikamfunga kwenye kanga ya marehemu mama,
ya Unguja, imefifia jina halisomeki,
limebaki neno "hata" na nukta yake.
Nikasema: haina kazi tena hii.
Sikujua kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kabla yake alikuwepo Shaurilo, saluki,
mbavu zahesabika, shingo imeliwa na kamba.
Msimu wa mbio ulipokwisha walimfunga mgungani
huko nyuma ya Sinau, wakaenda zao.
Miaka minne kwetu hakukimbia hata hatua moja,
ila usingizini:
miguu yote minne ikikimbia ubavu kwa ubavu,
na sisi tumekaa na chai, tunamtazama akishinda.

Na Bi Tatu, wa miguu mitatu.
Yeye nisimseme sana. Nikimsema nitalia,
na nina samaki jikoni.

Jirani husema, Waswahili hawa wana mambo.
Waseme. Mdomo ni jumba la maneno.

Ila Khelef, mume wangu, alikuwa na sheria yake:
mbwa havuki kizingiti. Uani ni uani, ndani ni ndani.
Akiguswa na pua tu, huyoo bombani.
Nilimsikia nyuma ya mlango akihesabu,
ya kwanza kwa udongo aliouweka kwenye kopo la maziwa,
kisha mbili, tatu, mpaka saba,
sauti ya mtu anayehesabu deni la mwenzake.

Basi nani aliyekuwa akinunua shingo za kuku Wadi Kabir?
Nani aliyetandika zulia la zamani
chini ya kiyoyozi, pale maji yanapodondoka,
ili Agosti Kashata alale mdomo wazi
na tone limwangukie ulimini, tone, tone?
Si mimi. Mimi mgongo wangu hauinami.

Daktari wa Azaiba, Mhindi mpole,
alituambia kwa Kiingereza,
akarudia kwa Kiarabu,
nasi tulishaelewa zamani, kwa Kiswahili.

Ardhi ya hapa si ardhi, ni mlima uliolala.
Khelef alishika mtarimbo baada ya alfajiri,
miaka sitini na minane, kanzu nyeupe ya kwendea ofisini,
hakuivua, hakuikunja.
Nikamwambia tutafute kijana. Hakunijibu.
Jiwe likatoka, likafuata jiwe.
Kisha akainama, akampakata,
kichwa cha Kashata begani kwake
kama mtoto aliyelala njiani kutoka harusini,
kanga inaburura, "hata" inaburura,
akavuka naye kizingiti,
akapita naye sebuleni, juu ya zulia la wageni,
akatokea mlango wa nyuma.

Nilisimama na birika. Sikuwa na la kufanya na birika.

Baadaye bombani nikamsikia:
moja. Mbili.
Tatu, na kimya kirefu, maji yakimwagika bure.
Nne. Tano. Sita.
Akafunga.

"Bado moja," nikamwambia kupitia mlangoni.
Akatoka, mikono inachuruzika, manyoya kifuani,
ya rangi ya kashata iliyoungua kidogo.
"Ya udongo," akasema, "nimeshaitanguliza."

Kanzu ile haijafuliwa. Imetundikwa nyuma ya mlango
na mimi siulizi.
Kiyoyozi kinadondoka.
Zulia limelowa mahali pamoja tu,
padogo, pa ulimi.