Ratiba ya Mihayo

Babu yake alimwita Mihayo, kwa Kinyamwezi ni maneno,
na maneno yakamkwama kooni
darasani, dawati la mwisho, watoto tisini na wanne,
mwalimu akingoja ile k-k-k iwe kalamu
na wenzake wakimmalizia kwa sauti moja.

Januari hatukumrudisha.
Sikumtoa kwa hasira, hilo lieleweke.
Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nimevaa kitambaa kilichopigwa pasi,
tukazungumza vizuri, akanisindikiza hadi getini,
na njia nzima kutoka Ng'ambo hadi Cheyo
nikawa najiuliza:
sasa kesho, saa mbili asubuhi, nafanya nini?

Kapela, baba yake, ni mtu wa reli.
Alichora ratiba kwa rula, wino wa rangi mbili:
Hesabu saa mbili kamili, Kiswahili saa tatu na nusu,
mapumziko dakika kumi na tano, si kumi na sita.
Akaning'iniza kipande cha reli mlangoni, kikawa kengele.
Wiki ile tulikuwa shule kweli.
Nilivaa viatu ndani ya nyumba yangu mwenyewe,
mwanangu akaniita m-m-m
na neno mwalimu likabaki nusu mdomoni mwake,
mimi nikiwa mbele yake na chaki, nikitazama saa.

Shangazi Nyanzala akaja kutoka Sikonge
na debe la asali na shauri lake:
"Mwacheni. Mtoto ni nyuki,
hujui anakokwenda, jioni utaona sega."
Tukamwacha wiki tatu.
Sega hatukuliona.
Tuliona manati mpya, goti lililochubuka,
na daftari ambalo kuku aliona panafaa kutagia.
Nawaheshimu nyuki, shangazi,
lakini hata nyuki hutundikiwa mzinga.

Kisha mke wa fundi Hilali akatuazima vitabu vya wanawe,
vimejazwa majibu kutoka jalada hadi jalada.
Nikampa Mihayo raba: futa, tuanze upya.
Alifuta asubuhi yote, kimya, ulimi nje,
na adhuhuri akanifuata jikoni na kitabu wazi.
"Hili s-si sawa, mama.
Na hili. Na ukurasa wa arobaini, yote."
Alikuwa hafuti tu.
Alikuwa anakagua.

Hapo nikavua viatu.

Siku hizi anakuja nami sokoni.
Debe la lita ishirini, chupa za robo lita:
themanini, anasema, halafu anaondoa mbili,
za ile asali inayong'ang'ania ukuta wa debe.
Hesabu hiyo sikumfundisha mimi.
Usiku anachukua daftari la baba yake:
treni ya saa tatu imefika saa kumi na moja kasoro robo,
imechelewa saa saba na dakika arobaini na tano,
na anamtazama Kapela, kisha ukuta ilipokuwa ratiba,
na Kapela anakohoa, anaomba chai.

Ratiba yenyewe aliichukua Kalunde, dada yake.
Aliibandika juu ya kitanda, akaongeza rangi ya tatu.
Yeye yuko darasa la sita, anapenda kengele,
anapenda mstari, anapenda kuwa wa kwanza kunyoosha kidole.
Tumbo ni lilelile, niliwazaa mimi wote wawili,
na asubuhi namfunga mmoja tai
mwingine namfungia chupa.

Jirani huniuliza: na mtihani je?
Sijui. Nasema sijui, nalala nao huo mtihani kitandani
kati yangu na mume wangu.

Lakini jioni Mihayo hutusomea.
Ukurasa mmoja, wakati mwingine nusu.
Anafika kwenye kalamu, anasimama.
K-k-k.
Kalunde ameuma mdomo wake, hammalizii.
Hakuna anayemmalizia.
Tunangoja tu. Sisi ni watu wa reli,
kungoja tumezoea:
kitu kikiwa njiani,
kitafika.