Shingo Upande

Nilikwenda Ndanda shingo upande,
na nisieleweke vibaya: kwenda nilitaka,
shingo ndiyo iliyogoma kunyooka.
Karani wa dirishani akasema, "Mama, tazama huku."
Nikamjibu, "Natazama huko huko, mwanangu.
Macho yameshafika, shingo ipo njiani."

Miaka kumi na mmoja nabangua korosho
kwenye banda la Nalinga, hapa Newala:
kiti kifupi, meza fupi zaidi,
kidevu kimezama kifuani kama kuku aliyelala.
Mkono unashusha kisu, mguu unakanyaga,
ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima,
maana kikivunjika kimevunja na bei.
Viini nilivihesabu. Shingo sikuihesabu.

Na kabla ya korosho kulikuwa na ndoo.
Sisi wa juu huku maji tuliyafuata bondeni,
kushuka na giza, kupanda na jua,
ngata ya kitambaa, lita ishirini,
na mama nyuma yangu: "Usitikise."

Maumivu yanaanzia hapa, chini ya fuvu,
penye vishimo viwili vya kutosha vidole.
Yanapanda nyuma ya sikio, yanazunguka,
yanakuja kukaa juu ya jicho la kushoto
yakipiga hodi, wala hayangoji kukaribishwa.
Kila alasiri.
Kila alasiri.

Shangazi Somoe alinichanja chale kwenye panja.
Mchopa, alipokuwa bado mume wangu, alisema ni jini.
Mkwe akasema ni macho; nikanunua miwani mnadani,
nikaona vizuri zaidi kwamba naumwa.
Kisha vidonge. Viwili asubuhi, halafu vinne,
halafu nikavifunga kwenye pindo la kanga
nisije nikaachana navyo njiani.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee.
Sikujua kama walilisema pindo langu.

Kijana wa mazoezi ya viungo, Nandonde,
hakunigusa kichwa. Alisema, "Kaa kama unavyokaa kazini."
Nikakaa.
Akanyamaza kidogo.
"Mama, kichwa ni kama kilo tano kikiwa wima.
Ukikiinamisha hivyo, shingo inabeba mtoto wa darasa la kwanza.
Ndoo uliitua zamani.
Shingo haijaambiwa."

Akauliza kama nasaga meno usiku.
Nikasema sijui, wa kunisikia alihamia Mueda.
Akauliza vidonge. Nikafungua pindo.
"Ukivimeza kila siku," alisema,
"kichwa kinajifunza kuuma ili kipewe."

Nilitaka sindano, niseme kweli.
Nauli ile yote, nikarudi na karatasi:
inua meza, tofali mbili kila mguu;
rudisha kidevu nyuma, kama mgeni
anayekataa ugali kwa adabu, hesabu tano, mara kumi;
simama kila nusu saa; kitambaa cha moto begani;
mto mmoja, si mitatu;
mkono ukifa ganzi, rudi upesi, usingoje mavuno.
Na vidonge, acha.

Wiki mbili za kwanza sitaki kuzisimulia.

Bandani walicheka. Nalinga akauliza
kama najenga nyumba chini ya meza yake.
Nikarudisha kidevu nyuma, nikahesabu tano.
Esha Nakapa, yeye ambaye hucheka wa kwanza,
alinifuata chooni akaninong'oneza:
"Hayo matofali, dada, umeyatoa wapi?"

Sijapona. Malipo yakichelewa
jicho la kushoto linajua kabla yangu,
na siku za wingu zito shingo inakaza kama kamba mbichi.
Lakini Alhamisi iliyopita mtu aliniita kwa nyuma,
nikageuka:
kichwa peke yake,
mabega yakabaki mezani yakiendelea na kazi.
Nikamwona hadi mlangoni.

Alitaka chumvi tu.