Herufi kwa Herufi

Umekuja na daftari, Maite, na kalamu mbili,
umepanda ngazi mia na tisa kwa kuwa lifti ya mlimani imekufa tena,
unahema, na bado unaniuliza:
kati ya wanamuziki wa Valparaíso
ni nani maisha yake yanastahili filamu?
Keti. Paka huyo haumi.

Majina uliyonayo nayajua.
Yule aliyekufa na gari jipya kwenye kona ya Concón.
Yule aliyezikwa na wajane watatu wasiosalimiana.
Filamu zao zinajitengeneza zenyewe:
mtoto maskini, gitaa la kwanza, makofi, chupa, machozi, makofi.
Mwisho wake mtu anaujua tangu anakata tiketi.

Mimi nakupa Eufrosina Huenchumán.
Usiandike kwanza. Sikiliza.

Mchana alipiga pasi kwa dobi Zamudio,
kola mia za mabaharia kwa siku;
usiku alipiga kodiani katika baa iliyo nyuma ya forodha,
kodiani yenye vifungo viwili visivyolia.
Wimbo ukifika penye sauti iliyokufa
hakuiruka. Alivuta pumzi, akangoja.
Watu walidhani ni madaha.
Mimi niliyekaa ubavuni mwake na gitaa
nilijua ni ufukara,
nikajua pia hakuna tajiri aliyewahi kunyamaza vizuri vile.

Ukitafuta mwigizaji, uso uache.
Tafuta mikono. Wa kulia una kovu la ncha ya pasi.
Na mwambie asilie;
Eufrosina hakulia mbele yangu hata siku moja,
na sababu alikuwa nazo.

Uwanja uliofurika watu hutauhitaji.
Weka watu kumi na mmoja, mmoja wao amelala.
Weka mvua. Mwenye baa anahesabu chenji.
Mtoto wa mpishi amesinzia ndani ya kreti ya bia,
na Eufrosina, katikati ya ngoma ya leso,
anaanza kupunguza, anapunguza,
mpaka wimbo unakuwa mdogo kuliko pumzi ya mtoto,
na wachezaji wanaendelea,
leso hewani, viatu mkononi.
Hilo nililiona. Kama kamera yako hailioni, rudi nayo Santiago.

Unauliza mbona hana santuri.
Sasa andika.
Anayo. Bibi yako aliijua.
Huipigwa kila mwaka mpya fataki zikipasuka juu ya ghuba,
ule wimbo wenye kimya katikati,
na jina lililo kwenye santuri ni Baltasar Ureta.
Ndiyo. Mimi.

Nilipanda treni na wimbo wake kichwani.
Karani wa studio akauliza, mtunzi nani?
Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.
Neno moja tu lilitakiwa, tena refu,
la kutajwa herufi kwa herufi.
Nilimwonea huruma karani.
Ndivyo nilivyojiambia miaka arobaini na miwili.

Husemwa mla ni mla leo, mla jana kala nini.
Mimi nilikula jana, na hundi inaletwa hadi leo.

Niliporudi nilimkuta kwa dobi, redio inaimba.
Hakugeuka. Wimbo ulipofika kwenye kimya kile
aliinua pasi, akaishikilia hewani,
akaishusha sauti iliporejea.
Shati lilikuwa langu.

Kwa hiyo itengeneze.
Na mimi usinipe mwigizaji wa sura mbaya.
Nipe kijana mwenye tabasamu, watu wampende
mpaka pale karani atakapouliza.

Chai imepoa. Hebu nione ulivyoandika.
Hapana, binti.
Linaanza na H.
Futa. Tuanze tena, pole pole, mimi nitakutajia.