Ukuta Unaofika Kifuani

Mawe yaliletwa na chukudu mbili, mwezi wa tatu,
meusi, yenye matundu kama mkate ulioumuka,
yakamwagwa nyuma ya nyumba yetu hapa Katoyi.
Nikawalipa vijana, nikamwambia Masika:
Jumamosi naanza.

Sikutaja Jumamosi gani.

Mwezi wa tano kuku akatagia ndani ya lundo.
Mwezi wa saba mmea wa maboga ukalitambaa,
ukachanua, na watoto wa jirani
wakaliita mlima, wakapigania kilele.
Masika aliendelea kuogea nyuma ya shitingi
iliyochanika upande wa njia,
akiimba kwa nguvu ili wapitao wajue
kuna mtu, wageuze macho.

Mimi ni fundi wa simu pale Birere.
Niletee kioo kilichopasuka saa tatu,
saa sita unaondoka nacho kizima.
Uvivu siujui.
Basi niambie kwa nini mikono hiyohiyo
ikifika nyuma ya nyumba inaingia mifukoni.

Sababu nilikuwa nazo, zimepangwa kama vocha:
saruji imepanda; mvua; msiba kwa akina Mapendano;
mchanga una udongo; mgongo;
tena mvua.
Kila moja ilikuwa kweli. Ujanja upo hapo:
kesho haisemi uongo,
huokota kweli ndogondogo
ikaziba nazo mlango.

Shemeji akanikumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.
Tumbo langu lilikuwa salama.
Kilichouma ni sikio, saa kumi na mbili asubuhi,
wimbo ule.

Nitasema sasa, maana sijamwambia mtu.
Baba alimaliza ukuta wake Jumatano.
Akaumwagia maji, akaupapasa kama mgongo wa ng'ombe,
akanituma soda, chupa mbili, yangu na yake.
Alhamisi mlima ukashuka.
Nilikuwa na miaka tisa, godoro kichwani, njia ya Gisenyi,
nikageuka: ukuta umesimama,
umesimama,
kisha haupo.
Tangu hapo kuna kitu ndani yangu kinachoamini
kwamba kazi ikiisha ndipo moto huijua anwani yake.
Lundo haliungui. Lundo ni mawe tu.

Masika hakugomba. Masika aliuza.
Jioni moja nikamkuta mama Kahindo na toroli:
«Kumi na mawili, nimeshalipa.»
Uchungu wa mali ukaniamsha
pale aibu iliposhindwa.
Nilitoka pekupeku, giza limeingia, koleo mkononi,
nikachimba kitako cha jiwe moja,
nikalilaza, nikalitikisa.
Likakaa.

Sikujenga ukuta. Ukuta nisingeuweza,
ukuta una Jumatano ndani yake.
Niliweza jiwe.
Kesho yake kabla ya chai, jingine.
Siku nyingine nililaza moja nikarudi kulala.
Ikapita wiki nzima sikugusa kitu,
ya pili nikarejea bila kujisuta,
kama mtu aliyetoka tu kujibu simu.

Leo unafika kifuani.
Juu yake shitingi ileile, nimeifunga kwa waya.
Usiku mlima bado unayapaka mawingu wekundu,
sijaelewana nao,
wala haukuniuliza.
Masika bado anaimba, ila jana asubuhi
alinyamaza katikati ya ubeti, akasahau,
nikasikia maji peke yake.

Mawe yamebaki machache.
Kuku anazunguka uani, anatafuta pa kutagia.