Chupa Sita, Ntoroko

Aprili, Semliki ilishuka na rangi ya chai ya maziwa.
Kyomuhangi alichota chupa ya kwanza mdomoni mwa mto,
akaandika kwa penseli: naitreti juu, fosfeti juu,
harufu ya samadi,
na jani moja la muhogo
lililosafiri bila nauli kutoka milimani.

Chupa ya pili, mita mia mbele, imepungua.
Ya tatu, nusu.
Ya sita, kule ziwa linakogeuka buluu,
maji matupu,
safi kama sahani ya mwenye njaa.

"Kumbe tope ndilo posho," alisema Uringi, mpiga kasia,
akitema mate kufuata upepo.

Julai tulirudi. Mto umekonda,
mafunjo yanaonyesha magoti,
na chupa zote sita
zimefanana kama ndugu waliokosana.
Muziri hawakuonekana wavuni.

Nyumbani mama aliuliza tumeona nini huko.
Nikamwambia: mlima hulisha ziwa mvua zinaponyesha,
kisha ziwa hufunga.

Akafunika sufuria.
"Na hilo nalo
mlihitaji chupa?"