Sufuria Haikuwepo

Siku Nyanya Kanyere alipofariki
sufuria haikuwepo nyumbani.
Tuliitafuta nyuma ya magunia ya makala,
tukaitafuta chini ya kitanda cha wageni.
Mama mdogo akauliza kwa hasira, machozi yakimtoka:
Nani ameichukua? Leo? Hata leo?

Ilikuwa Ndosho,
harusini kwa watu tusiowafahamu,
jamaa za fundi viatu wa barabara ya pili.
Aliwaazima Alhamisi.
Ijumaa hakuamka.

Mnaijua, ninyi wa Majengo:
ya alumini, nene, sikio la kushoto limeungwa kwa waya,
inameza kilo kumi za mchele
na bado ina nafasi ya mgeni asiyealikwa.
Imepika maharage ya vilio visivyohesabika,
sombe za ubatizo, uji wa waliotoka vitani na ndoo moja,
na chai ya askari waliobisha usiku wakitaka franga.
Franga hakuna, aliwaambia, kaeni.
Wakakaa.
Mmoja wao aliosha vikombe.

Mimi niliichukia. Niseme ukweli,
maana yeye hakupenda sifa za uongo makaburini.
Mimi ndiye niliyeisugua masizi
kwa jivu na changarawe ya volkano
hadi kucha zikawa nyeusi kama mawe ya mtaa.
Na mwaka ule, karo yangu ilipokwenda
kumkomboa mtoto wa Mama Nsimire hospitalini,
nilikaa nyumbani miezi mitatu
nikihesabu chukudu zinazoteremka na viazi,
nikisema: huyu bibi ni wa watu, si wetu.

Nilimwambia hivyo mara moja, kwa sauti.
Hakunipiga. Alikuwa anachambua sambaza.
Bila kuinua macho akasema:
"Wewe utasoma mwakani. Yeye hana mwakani."
Kisha akanituma chumvi.

Mlima ulipotapika, watu walibeba magodoro,
redio, picha za ndoa, mbuzi.
Yeye alivuka mpaka na sufuria kichwani,
ndani ya sufuria kichanga cha miezi minne
ambacho hakikuwa chetu.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa jiwe.
Jiwe tupu, joto likipenya kwenye soli.
Alizunguka, akapima kwa hatua
mahali jiko lilipokuwa, huko chini ya miguu yetu,
akaokota vipande vitatu vya moto uliopoa,
akavipanga, akawasha.
"Safari hii," alisema, "mafiga yamekuja yenyewe."
Akacheka peke yake. Sisi hatukuweza.

Basi Kasereka alitoka alfajiri na chukudu yake
kuifuata Ndosho.
Akarudi saa sita.
Nyuma yake bwana harusi anasukuma,
bado yumo katika suti ya kukodi,
na bibi harusi anatembea peku, viatu mkononi,
hina haijafifia.
Sufuria haikurudi tupu.
Chini ya majani ya mgomba kulikuwa na wali wao,
nusu nzima ya wali wa harusi yao.

Tukaula tukilia.
Wengine wakaongeza pilipili.

Usiku niliiosha bila kutumwa.
Nilisugua polepole, nikafika kwenye ule waya,
nikagundua kwamba ameufunga kwa fundo lake,
lile la kufungia mizigo ya kukimbia nayo,
ambalo hakunifundisha kwa sababu sikuuliza.

Jumatatu, matanga bado hayajaondolewa,
msichana mdogo alisimama mlangoni,
akitazama vidole vya miguu yake.
Mama amenituma, alisema. Baba mkubwa ametutoka.
Tunaomba, kama haiko kazini.

Ndani mama mdogo alikohoa.
Nikaitoa.
Shika huku, nilimwambia,
sikio hili limeungwa kwa waya,
lishike kwa kitambaa,
likipata moto linaunguza.